Mama, Andika Siku Zako

Mwanamke akiolewa, baada ya mwaka mmoja watu huanza kumtazama tumbo. Baada ya miaka miwili huanza kusema. Wifi atasema, "Huyu anatujazia choo tu." Mama mkwe atasema ana chango. Jirani atasema amefungwa na mtu. Na mume, kama ni mtu wa kunyamaza, ataanza kuchelewa kurudi nyumbani. Katika maneno hayo yote hakuna hata mmoja aliyemwuliza yule mama swali hili dogo: "Je, siku zako unaziona kila mwezi?"

Swali hilo ndilo tutakalolizungumza leo. Wako akina mama ambao siku zao huja baada ya miezi miwili, au mitatu, au hazionekani kabisa, na wala hawana mimba. Wengine huziona mara mbili kwa mwezi. Wengine huota ndevu kidevuni wakaona haya kumwambia mtu. Wengi wao hawana chango wala hawakufungwa na mtu. Wana ugonjwa wa homoni, na magonjwa hayo yana majina, yana vipimo, na mengi yana dawa.

Ndugu msomaji, wewe umekwisha jifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi chombo cha kwanza cha kuyatambua magonjwa haya unacho nyumbani. Ni penseli na daftari.

Barua zinazopita ndani ya damu

Viungo vya mwili haviwezi kufanya kazi pamoja kama havipelekeani habari. Habari nyingine hupita katika mishipa ya fahamu, upesi sana, kama unavyoondoa mkono ukigusa sufuria ya moto. Nyingine hupita ndani ya damu, polepole. Hizo za ndani ya damu huchukuliwa na homoni. Neno hili si la Kiswahili. Lilianza kutumiwa mwaka 1905 na mtaalamu wa Uingereza, Ernest Starling, naye alilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Ndiyo maana vitabu vingine huziita homoni vichocheo.

Homoni hutengenezwa na tezi. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, iko tezi ndogo kama punje ya njegere. Ni ndogo, lakini ni kama ofisi ya kijiji: barua nyingi hutoka hapo. Tezi nyingine iko shingoni, mbele. Na mwanamke anazo ovari mbili, moja kila upande wa mji wa mimba. Humo hukaa mayai ya uzazi, na zenyewe pia hutoa homoni.

Sasa tazama mwezi mmoja unavyokwenda. Tezi ya chini ya ubongo huandika barua kwa ovari: "Kuzeni yai." Ovari huanza kukuza mayai machache, kila moja ndani ya kijifuko chenye maji, na mwishowe moja huwapita wenzake. Wakati lile yai linakua, ovari hupeleka barua kwenye mji wa mimba: "Tandika kitanda." Basi ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepa, tayari kumpokea mtoto. Yai likiiva, ovari hupeleka habari juu, nayo ile tezi huandika barua ya pili, kali kuliko ya kwanza: "Litoeni!" Yai hutoka. Kama halikukutana na mbegu ya mwanamume, baada ya wiki mbili hivi ovari huacha kuandika, na kile kitanda hutanduliwa. Damu unayoiona ndiyo kitanda hicho kinachotanduliwa.

Kwa hiyo hedhi ni jibu la mwisho la barua zote hizo. Ikija kwa mpango wake, barua zimefika. Ikipotea, au ikija ovyoovyo, iko barua iliyokwama mahali fulani. Kazi ya mganga wa hospitali ni kutafuta imekwama wapi. Lakini hataweza kutafuta kama wewe mwenyewe hujui siku zako zilikuja lini.

Namna ya kuhesabu

Wengi tulifundishwa kuhesabu kwa mwandamo wa mwezi, au kwa kukumbuka tu. "Ilikuja wakati wa palizi." Hiyo haitoshi. Chukua daftari. Siku damu inapoanza kutoka, andika tarehe. Usiandike siku inapoisha, andika inapoanza. Pembeni andika damu ilitoka siku ngapi, na kama ilikuwa nyingi au kidogo. Mwezi ujao fanya vivyo hivyo. Kisha hesabu siku tangu tarehe ya kwanza hadi tarehe ya pili.

Tuseme mama mmoja ameandika hivi: Januari 6, Februari 3, Machi 4, Aprili 1. Tangu Januari 6 hadi Februari 3 ni siku 28. Hadi Machi 4 ni siku 29. Hadi Aprili 1 ni siku 28. Huyu hana shida. Wala si lazima ziwe 28. Kwa mwanamke mzima, popote kati ya siku 21 na siku 35 ni sawa, na damu kutoka siku mbili hadi saba ni sawa.

Mama mwingine ameandika: Januari 4, Machi 2, Mei 20, Julai 3. Hesabu mwenyewe kabla hujasoma mbele. Siku 57, kisha 79, kisha 44. Huyu aende hospitali, hata kama haumwi mahali popote. Anayeona siku zake chini ya mara 8 kwa mwaka naye aende.

Kama unaona haya kuandika jambo hili waziwazi, weka msalaba mdogo kwenye kalenda ya ukutani. Atakayeuliza utajua la kumjibu.

Kuna nyakati ambazo siku hupotea na si ugonjwa. Ya kwanza ni mimba, kwa hiyo siku zikipotea jambo la kwanza ni kupima mimba, hata kama unasema haiwezekani. Ya pili ni kunyonyesha. Ya tatu ni umri: kati ya miaka 45 na 55 wanawake wengi hukoma. Msichana aliyevunja ungo naye huenda akaona siku zake bila mpango kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kwa sababu ofisi yake bado inajifunza kazi. Lakini msichana aliyefika miaka 15 bila kuona hata mara moja apelekwe akapimwe. Na mama aliyekwisha koma mwaka mzima, kisha akaona damu tena, asifurahi kwamba ujana umerudi. Aende hospitali upesi, kwa sababu hiyo huweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba.

Njaa kali na kukonda sana pia huzuia siku. Mwili wenye njaa hautandiki kitanda cha mgeni.

Ugonjwa unaojificha

Ugonjwa wa homoni unaowapata wanawake wengi kuliko mengine yote katika umri wa kuzaa una jina refu: ugonjwa wa ovari zenye vijifuko vingi. Kwenye cheti cha hospitali utaona herufi hizi nne: PCOS. Madaktari wawili wa Chicago, Marekani, Irving Stein na Michael Leventhal, waliueleza mwaka 1935 walipoandika habari za wanawake 7. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, kama 10 hadi 13 wanao. Tena linasema hadi 70 kati ya kila wagonjwa 100 duniani hawajui kwamba wanaumwa. Hebu fikiri ni akina mama wangapi katika kijiji chenu.

Katika ugonjwa huu ovari huanza kukuza mayai kama kawaida, lakini hakuna linaloshinda wenzake. Yote hubaki madogo, kila moja ndani ya kijifuko chake, yamesongamana. Basi yai halitoki. Na kama yai halitoki, barua ya kutandua kitanda haipelekwi kwa wakati. Ndiyo maana siku huchelewa, na zikija huweza kuja na damu nyingi mno.

Jambo la pili ni hili. Kila mwanamke anayo homoni ya kiume kidogo, kama vile kila mwanamume anayo ya kike kidogo. Katika ugonjwa huu ile ya kiume huzidi. Nywele huota kidevuni, juu ya mdomo, kifuani, au chini ya kitovu. Chunusi hujaa uso wakati ujana umekwisha pita. Nywele za utosini huweza kupungua. Mama wa namna hii watu humwita "mwanamke dume" na kumcheka. Hana udume wowote. Ni mwanamke kamili ambaye barua zake zimechanganyika.

Jambo la tatu ni sukari. Homoni iitwayo insulini kazi yake ni kuingiza sukari ya damu ndani ya mwili ili tupate nguvu. Kwa wengi wenye ugonjwa huu mwili hauisikii insulini vizuri, kwa hiyo huitoa nyingi zaidi, na insulini nyingi huzichochea ovari kutoa homoni ya kiume. Hapo gurudumu linazunguka. Wengi hunenepa, hasa tumboni. Lakini wako wembamba pia wenye ugonjwa huu, kwa hiyo usiseme, "Mimi mwembamba, haunihusu."

Neno "vijifuko" huwatisha watu. Mama akisikia ana vijifuko hudhani ni uvimbe, na yuko tayari kuuza mbuzi akapasuliwe. Hapana. Ni mayai yasiyokua. Hayahitaji kisu.

Je, ugonjwa huu hutoka wapi? Mara nyingi hutembea katika ukoo. Ukiwa nao, huenda dada yako au binti yako akawa nao, kwa hiyo usiwafiche.

Hatari yake ni zaidi ya kukosa mtoto. Kitanda kinachotandikwa miezi mingi bila kutanduliwa huweza, baada ya miaka, kuota saratani ndani ya mji wa mimba. Kwa sababu hiyo wataalamu hutaka mwenye ugonjwa huu asipitishe miezi mitatu hivi bila kuona damu. Hatari nyingine ni ugonjwa wa kisukari. Akipata mimba, anaweza kupata kisukari cha mimba au shinikizo la damu kuliko wenzake, kwa hiyo aanze kliniki mapema sana.

Dawa, na ugomvi wa vidonge

Ugonjwa huu hauponi moja kwa moja, lakini hutunzwa, na wengi wenye ugonjwa huu huzaa. Wengine hupata mimba wenyewe bila dawa yoyote, kwa sababu yai moja moja huponyoka. Kwa hiyo mama asiyetaka mtoto sasa asidhani kwamba kukosa siku ni kinga.

Matibabu hutegemea mama anataka nini. Asiyetafuta mtoto kwa sasa huweza kupewa vidonge vya uzazi wa mpango. Hapa ndipo ugomvi huanza nyumbani. Mume anaviona vidonge chini ya godoro, anafoka: "Kumbe unazuia mimba, na mimi nahangaika kwa waganga!" Mabwana, sikilizeni. Kwa mgonjwa huyu vidonge vile ni dawa. Huzipanga siku zake, hutandua kitanda, na hupunguza homoni ya kiume, hata chunusi na ndevu hupungua. Akiviacha anapotaka mtoto, haviharibu kizazi. Njia nzuri ya kuzuia ugomvi huu ni mume kwenda pamoja na mkewe siku ile daktari anapoeleza. Wako wasiofaa kutumia vidonge hivyo, kama vile mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kugandiwa damu katika mishipa, au aliyejifungua karibuni. Hao hupewa dawa nyingine ya kuleta damu kila baada ya muda. Kwa hiyo usiazime vidonge kwa jirani.

Anayetafuta mtoto hupewa dawa ya kuamsha yai. Inayopendekezwa kwanza siku hizi ni letrozoli, na iko ya zamani iitwayo klomifeni. Hunywewa siku tano mwanzoni mwa mwezi wake, kwa usimamizi wa daktari. Usishtuke ukisoma karatasi ya letrozoli ukaona imeandikwa saratani ya matiti. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, na baadaye ilionekana inaamsha mayai. Usiinunue dukani mwenyewe, maana daktari hupima kwanza kama mume ana mbegu na kama mirija iko wazi. Pia dawa hizi huweza kuleta mapacha.

Wengine hupewa metformini, dawa ileile wanayokunywa watu wa kisukari. Haina maana kwamba tayari una kisukari. Inausaidia mwili kuisikia insulini.

Na chakula je? Aliyenenepa akipunguza mwili hata kidogo, siku zake huweza kurudi zenyewe. Kumwambia mama anayelima tangu alfajiri na kuchota maji mbali kwamba afanye mazoezi ni mzaha. Lakini yuko anayekaa dukani kutwa, na yuko anayetia sukari vijiko vinne katika kikombe kimoja cha chai na kushushia soda. Hao wanaweza kubadili jambo. Ugali wa dona, maharage, mboga za majani na matunda hufaa kuliko maandazi na mkate mweupe kila siku.

Kuhusu ndevu: zinyoe ukitaka. Kunyoa hakuzifanyi ziwe nyingi wala nene, ingawa watu husema hivyo.

Tezi ya shingoni

Wazee wa nyanda za juu wanalijua rovu, uvimbe wa shingo ambao wengi huuita goita. Katika sehemu za Mbeya, Iringa, Rukwa na nyingine za milimani, zamani ulikuwa jambo la kawaida, hata watu hawakuuita ugonjwa. Sababu yake kubwa ni upungufu wa madini joto katika udongo, na kwa hiyo katika chakula. Tezi ya shingoni hutumia madini joto kutengeneza homoni yake. Yakikosekana, tezi huvimba ikijitahidi.

Watu waliutazama ule uvimbe, wakasahau uzazi. Homoni ya tezi hii ikipungua, mwanamke huchoka, huona baridi wakati wenzake wanatoka jasho, hunenepa, ngozi hukauka, na siku zake huwa nzito au huvurugika. Mimba huchelewa au huharibika. Na mtoto akikosa homoni hiyo tumboni, ubongo wake haukui vizuri, naye huweza kuzaliwa bubu au mwenye akili nzito. Homoni ikizidi ni kinyume chake: mwanamke hukonda wakati anakula, moyo hudunda, mikono hutetemeka, na siku huwa chache.

Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali ya Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoumia zaidi. Baadaye, katika miaka hiyo ya 1990, sheria ikataka chumvi itiwe madini joto. Marovu makubwa yamepungua sana tangu hapo. Lakini bado iko chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo mnadani, isiyotiwa kitu. Nunua ile ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Sasa unaweza kusoma, basi isome kabla hujalipa. Itunze ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu, na uitie chakula kinapokaribia kuiva, kwa sababu madini joto hupotea kwa moto. Mwenye upungufu wa homoni hii hupewa vidonge, na gharama yake si kubwa ukilinganisha na faida.

Maziwa yasiyo na mtoto, na mtoto asiye na maziwa

Iko homoni ya tezi ya chini ya ubongo inayoleta maziwa. Kwa mama anayenyonyesha huja kwa wingi, na huzuia yai lisitoke. Lakini wakati mwingine huja kwa wingi bila sababu. Mama hana mtoto mchanga, naye maziwa yanatoka matitini, na siku zimekatika. Watu husema mengi wakiona hivyo. Huenda ni dawa anayokunywa, kwa mfano baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili au za kuzuia kutapika. Huenda ni kiuvimbe kidogo katika ile tezi. Kiuvimbe hiki mara nyingi si saratani, tena hunywea kwa vidonge tu. Lakini maziwa yakiandamana na kuumwa kichwa na macho kupungua nguvu pembeni, nenda upesi.

Kinyume chake ni jambo ambalo ningependa kila mkunga wa jadi alisome mara mbili. Mama anajifungua, anatoka damu nyingi mno, anazimia. Mungu akisaidia anaokoka. Mtoto anawekwa titini, maziwa hakuna. Siku moja, mbili, wiki, hakuna. Miezi inapita, siku zake hazirudi. Nywele za kwapani na sehemu za siri zinapukutika. Anachoka, anaona baridi, anainuka anapata kizunguzungu. Watu wanasema amezaa vibaya, au amerogwa siku ile ya uzazi.

Daktari Mwingereza, Harold Sheehan, aliueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1937, nao huitwa kwa jina lake. Wakati wa mimba ile tezi ya chini ya ubongo hukua, nayo huhitaji damu nyingi. Mama akipoteza damu nyingi ghafla, tezi hukosa damu na sehemu yake hufa. Ofisi imeungua: barua za ovari, za maziwa, za shingoni na nyingine za kuutia mwili nguvu hazitoki tena. Mgonjwa wa namna hii huweza kuishi miaka mingi hivyo hivyo, kisha siku anaposhikwa na homa au kuharisha akaanguka na kufa, kwa sababu mwili hauna homoni ya kuhimili shida. Dawa zipo, vidonge vya kila siku kwa maisha yake yote, navyo humrudishia nguvu. Katika nchi ambazo akina mama hujifungulia mahali penye msaada wa kuzuia damu, ugonjwa huu umekuwa adimu. Kwetu bado upo. Kwa hiyo mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa, akakosa maziwa na siku zisirudi, amwambie mganga habari zote mbili pamoja. Akisema "nimechoka" tu, atapewa dawa za kuongeza damu na kurudishwa nyumbani.

Si kila tatizo ni homoni

Itakuwa si haki kuwaacha mkidhani kila anayekosa mtoto ana ugonjwa wa homoni. Katika Afrika sababu kubwa ni mirija iliyoziba kwa magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, au kwa maambukizo baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Mwanamke wa namna hiyo huweza kuona siku zake kila mwezi bila kukosa. Na mara nyingi kasoro iko kwa mwanamume, naye hana habari, kwa sababu nguvu za kiume anazo. Nguvu ni kitu kimoja, mbegu ni kitu kingine. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vyote vya mwanamke, hakiumi, na ndicho ambacho mabwana wengi hukikataa. Hii ni ajabu.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hulaumiwa sana. Ni kweli huondoa siku, na uzazi huchelewa kurudi: kwa kawaida mimba huja kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, na kwa wengine hukawia zaidi. Lakini haichomi kizazi. Anayetaka mtoto karibuni aulize njia nyingine.

Siwezi kumcheka aliyekwenda kwa mganga wa kienyeji. Mtu anayeteseka hutafuta mlango ulio karibu. Lakini dawa za kuingiza ukeni, mizizi na unga wa kuchoma, huweza kuleta majeraha na maambukizo, na maambukizo ndiyo yale yanayoziba mirija. Pia miaka inapita. Mwanamke aliye na miaka 25 anatibika kwa urahisi kuliko akifika miaka 38.

Siku ya kwenda hospitali

Anzia zahanati. Huko watapima mimba, wingi wa damu na shinikizo, na watakuandikia cheti cha kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, maana vipimo vya homoni huwa havipo zahanati. Kama umetafuta mtoto mwaka mzima bila kupata, nendeni wote wawili. Kama umepita miaka 35, msingoje mwaka. Miezi sita inatosha. Kama siku zako zimevurugika, usingoje kabisa.

Usikate tamaa ukiambiwa mashine ya kupiga picha tumboni ni mbovu au iko mbali. Kwa mwanamke mzima ugonjwa wa vijifuko vingi huweza kutambuliwa bila picha, ikiwa siku zake hazina mpango na dalili za homoni ya kiume zinaonekana, na daktari amehakikisha kwa kipimo cha damu kwamba shida si tezi ya shingoni wala ile homoni ya maziwa. Hapo ndipo daftari lako linapofanya kazi.

Lichukue. Chukua pia maganda ya dawa zote unazokunywa, hata zile za kienyeji uzitaje. Andika mimba zako zote na zilivyokwisha, na kama ulitokwa na damu nyingi. Mganga akikuuliza kama una nywele kidevuni, usione haya. Na siku moja kabla, uliza kama utapimwa sukari, kwa sababu kipimo hicho mara nyingi hutaka ufike asubuhi hujala kitu wala kunywa chai.